Chambavu ya Kwaluguru na Bakteria Wanaokimbia Hewa

Vijana wangu, kila nikialikwa kuzungumza na wanaoanza kazi ya maabara, hakosi mmoja wa kuniuliza, kwa adabu lakini pua ameikunja: "Bibi, miaka yote hiyo kweli uliipenda kazi ya kuchungulia vijidudu vya matope na mizoga?"

Niliipenda! Mpaka leo nikipita karibu na machinjio nikaisikia ile harufu, natabasamu peke yangu njiani, wanaonipita wanadhani uzee umenipanda kichwani.

Mimi nimefanya kazi na bakteria wasiotaka hewa. Hebu litafakarini jambo hili. Hewa hii ambayo wewe ukiikosa kidogo tu unaitiwa watu wa msiba, wao wakiipata wanakufa. Wanaishi kwenye tope la mabondeni, ndani ya tumbo la ng'ombe, kwenye tundu refu la msumari mguuni, hata tumboni mwako wewe unayesoma hapa. Sisi tunakula ugali, tunavuta hewa, tunauchoma ule ugali mwilini mpaka mwisho. Wao hawana hewa ya kuchomea. Wanakivunja chakula nusunusu, wanachukua nguvu ndogo iliyotoka humo, na mabaki wanayatupa nje: asidi zenye harufu kali, na gesi. Shikeni hayo mawili, harufu na gesi, kwa maana kazi yangu yote ilizunguka hapo.

Habari ya gesi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa mgeni kabisa kazini, nimetoka chuoni na cheti kikubwa na akili ndogo, nikapangiwa maabara ndogo ya mifugo kule Korogwe. Kwetu ni Vugiri, huko juu kwenye baridi, kwa hiyo hata joto la Korogwe lilikuwa somo. Siku moja nikaenda Ngombezi kuomba uozo wa mabaki ya mkonge, lile tope la kijani linalotokota lenyewe kwenye mashimo. Nilifurahi mno! Nikajaza chupa tatu za kioo, nikazikaza vifuniko kwa nguvu zangu zote ili hewa isipenye, nikaja kuzipanga mezani kwa mkuu wa maabara nimwonyeshe. Mkuu alikuwa amevaa shati jeupe la kwenda mkutanoni. Nikiwa katikati ya maelezo, kifuniko cha kwanza kikaruka, pu! Cha pili kikafuata. Cha tatu alikishika yeye mwenyewe kwa mkono, akidhani anaokoa jahazi, na hilo ndilo lililommaliza, maana chupa ilimwagia kifuani kama bomba.

Fundi wetu, Mzee Mhina, alicheka mpaka akakaa chini. "Umewapa chakula," akaniambia akifuta machozi, "umewapa joto, halafu ukawafungia mlango. Ulitaka wafanye nini, mwanangu?"

Huyo Mzee Mhina ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi wa maabara, mwenyeji wa hapohapo Korogwe, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikio moja. Chuo hakukiona. Alianza kwa kuosha vioo, akaosha miaka mingi akiangalia, mpaka wenye vyeti wakawa wanamwuliza yeye.

Sasa, lile kosa la chupa lilichafua shati. Kosa ninalotaka kuwasimulia lilimweka mtu mahabusu.

Masika yalikuwa yanamalizika. Bwana mifugo wa upande wa Kwaluguru, wilaya ya Handeni, alikuja maabara na mfuko wa plastiki wenye kipande cha nyama kilichoviringishwa majani. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwenye boma la mfugaji mmoja, Mzee Lemburis. Walikuwa wanakufa wale wachanga, walionona, wanaong'aa ngozi. Jioni mzima, asubuhi mfu.

"Unadhani chambavu?" nilimwuliza. Chambavu mnaijua, ule ugonjwa wa ng'ombe kuvimba paja au bega, ukibonyeza ngozi inalia kama karatasi kwa gesi iliyomo ndani. Gesi ya nani? Ya bakteria wangu hao.

"Ndiyo nilivyodhani," akasema. "Lakini Lemburis mwenyewe anakataa. Chambavu anaijua tangu akiwa layoni, kijana wa Kimaasai wa kuchunga ndama. Hawa hawachechemei, hawavimbi mguu. Anasema wamewekewa sumu. Na mtu aliyewawekea anamtaja."

Mtu aliyetajwa ni mkulima jirani, Mzee Mndolwa, Mzigua wa palepale, mtu wa mahindi na ufuta. Wiki moja kabla, ng'ombe wa Lemburis walikuwa wameingia kwenye mahindi yake wakayala. Mzee Mndolwa alisimama mbele ya watu akasema kwa hasira, "Hawa ng'ombe watakoma!" Haikupita muda wakaanza kufa. Na kopo la dawa ya wadudu lilikutwa kwenye kibanda chake cha shambani, kama linavyokutwa kwenye kibanda cha mkulima yeyote.

"Kwa hiyo kila mtu anasubiri karatasi yako," akamalizia bwana mifugo. "Ukisema ni ugonjwa, mambo yameisha. Ukisema siyo, basi."

Karatasi yangu! Niliona nimekuwa mtu mkubwa. Mzee Mhina alikuwa likizo, ana msiba wa shemeji yake, kwa hiyo maabara ilikuwa yangu peke yangu.

Kuotesha bakteria wa chambavu unahitaji chombo kisicho na oksijeni ndani yake. Sisi tulikuwa na mtungi wa kioo wenye mfuniko wa kubana, lakini vifurushi vya dawa ya kuondolea oksijeni vilikuwa vimekwisha, na tulikuwa tumeagiza tukachoka. Nikakumbuka somo la shuleni: unawasha mshumaa, unaufunika na glasi, mshumaa unazimika kwa sababu oksijeni imekwisha. Nani hajafundishwa hivyo? Nikapaka nyama kwenye sahani zangu za kuoteshea, nikazipanga ndani ya mtungi, nikawasha mshumaa juu yake, nikafunika. Ukazimika. Nikajipongeza. Nilijipongeza kwa sauti, vijana, chumba kizima nikiwa peke yangu.

Baada ya siku mbili nikafungua. Walikuwa wameota wale wa kuoza tu, wanaoota popote. Wa chambavu hata mmoja. Nikachukua kalamu nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Hakuna bakteria wa chambavu." Nikapiga muhuri. Bwana mifugo akaichukua, na siku hiyohiyo Mzee Mndolwa akachukuliwa na polisi.

Mzee Mhina alirudi siku mbili baadaye. Nikamsimulia yote huku nimejaa sifa. Alisikiliza, akavua miwani.

"Uliotesha kwenye nini?"

"Kwenye mtungi, mzee. Vifurushi havikuwepo, nikatumia mshumaa. Uliimaliza oksijeni yote."

"Nani alikwambia?"

"Mshumaa ulizimika."

Mzee Mhina alitoka nje akaenda stoo ya chakula cha kuku, tulikokuwa tunatega panya kwa mtego wa waya. Akarudi na panya mmoja wa kahawia, hai, mkali. Akamtia kwenye ule mtungi wangu, akasimamisha mshumaa pembeni ndani ya kopo refu ili moto usimfikie, akauwasha, akafunika. Tukainama wote wawili. Moto ukapungua, ukawa mdogo, ukazimika. Moshi ukazunguka ndani.

Panya akapiga chafya. Kisha akakaa kitako, akaanza kujisafisha masharubu.

"Mwulize huyo," Mzee Mhina akasema taratibu, "kama oksijeni imekwisha."

Mshumaa ni mlafi lakini ni mvivu, vijana. Unahitaji oksijeni nyingi ili kuwaka. Ikipungua kidogo tu unazimika, na nyingi inabaki. Panya anaishi nayo. Bakteria wa chambavu, ambaye hata chembe haitaki, hataota kamwe. Nilikuwa nimewatia kwenye hewa ya kuwazuia, halafu nikaandika kwamba hawapo.

"Hukuwaona," Mzee Mhina alisema akimtoa panya nje. "Ungeandika 'sikuwaona'. Wewe umeandika 'hakuna'. Hayo ni maneno mawili tofauti, na katikati yake sasa hivi kuna mtu amekaa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, yule wa shati. Akaniambia kwa upole, na nadhani kwa nia njema, kwamba karatasi ikishapigwa muhuri ikatoka, kuirudisha ni kujiharibia kazi. Kwamba hata nikiotesha upya naweza nisipate kitu, nitabaki na aibu mara mbili. Na nyama ile nilikuwa nimeshaichoma moto. Sikuwa na kitu mkononi.

"Basi tutafute nyingine," Mzee Mhina akasema mlangoni. "Leta funguo za gari, mkuu."

Jamani, asubuhi ya kesho yake! Nilikuwa na hofu, sikatai, lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kinachoruka. Mzee Mhina aliamka kabla yangu akachemsha mirija ya mchuzi wa nyama. Ni chakula cha bakteria: vipande vya nyama kwenye supu yake, unavichemsha muda mrefu hewa yote itoke, unaviacha vipoe bila kuvitikisa hata kidogo, kisha unamwagia juu mafuta mazito kama kifuniko. Na ndani ya kila mrija akadondosha msumari mdogo wa chuma uliochemshwa.

"Msumari wa nini, mzee?"

"Chuma kinashika kutu, sivyo? Kutu ni nini? Ni chuma kilichokula oksijeni. Chembe ikipenya, msumari unaila kabla haijawafikia wenyewe."

Nilitaka kumkumbatia. Msumari wa kupigilia bati, unalinda kiumbe asiyeonekana!

Kwaluguru tulifika jua limeshakuwa kali. Kwenye boma la Mzee Lemburis kulikuwa na ndama dume mkubwa aliyekufa alfajiri hiyo, amelala ubavu, miguu imenyooka. Mzee Lemburis alisimama mbele ya mzoga na fimbo yake begani, mrefu, kimya. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyinyi ni wa maabara?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Maabara imeshasema. Hakuna ugonjwa. Sasa mnataka nini kwa ng'ombe yangu?"

"Maabara ilikosea, mzee. Mimi ndiye niliyekosea. Naomba nifungue huyu nitazame upya."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe msichana ndiye uliandika ile karatasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na leo unasema karatasi ni ya uongo. Kesho utasema nini?"

Mzee Mhina akasogea, akavua kofia. "Ndugu yangu, una ndama wangapi wamebaki wa umri wa huyu?"

"Kumi na moja."

"Kama ni sumu, polisi wameshamshika mwenye sumu, na hawa kumi na mmoja watapona. Kama siyo sumu, unajua mwenyewe watakwenda wapi. Huyu wa leo amekufa huku yule uliyemtaja yuko ndani siku ya ngapi?"

Mzee Lemburis alihesabu moyoni. Nilimwona akihesabu. Kisha akasogea pembeni, akatupa nafasi.

Nikachomoa kisu. Mzee Mhina akanishika mkono. "Unataka kufa?" Na hapa nawaambia nyinyi kama alivyoniambia mimi: mnyama aliyekufa ghafla humpasui kabla hujajua kama ana kimeta. Ukimpasua mwenye kimeta unajimwagia kifo wewe, mwenye boma na malisho yote. Tukatoboa sikio kidogo, tukapata tone la damu, tukalipaka kioo, tukalitia rangi, tukasimika hadubini juu ya boneti ya gari na kioo chake tukakielekeza kwenye jua. Nikatazama mpaka jicho likauma. Kimeta hakikuwepo. Mzee Mhina naye akatazama, akatikisa kichwa. "Sasa pasua."

Nikapasua. Paja, safi. Bega, safi. Mzee Lemburis alikuwa amechuchumaa karibu yangu, na kila nilipofungua msuli mwekundu mzima, aliguna, "Unaona? Mimi naijua chambavu." Ulimi, safi. Jasho lilikuwa linanitiririka machoni. Nikaanza kusikia maneno ya mkuu wa maabara, aibu mara mbili, aibu mara mbili.

"Ingia kifuani," Mzee Mhina akasema. "Fuata pua."

Nikafungua kifua, na harufu ikanijia. Siyo ya kuoza. Ilikuwa ya utamu uliochacha, kama samli iliyosahaulika kwenye kibuyu. Hiyo ndiyo asidi niliyowaambia, taka ya chakula kilichovunjwa nusu! Nikafuata pua mpaka kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Ulikuwa mweusi. Mkavu, mweusi, una vitundu kama sponji. Nikaubonyeza kwa kidole, ukalia kwa gesi.

"Upo!" nilipiga kelele. "Upo hapa! Upo ndani!"

Nilikuwa napiga kelele katikati ya msiba wa mtu, mikono imejaa damu mpaka viwikoni. Mzee Lemburis aliinama, akabonyeza mwenyewe. Akausikia. Akakaa chini kabisa, matako ardhini, fimbo akaiweka magotini.

"Imejificha," akasema. "Miaka yote naiona mguuni. Hii imejificha karibu na moyo."

Aliponiambia kwamba kabla ya mvua walikuwa wamelichimba upya lambo lao na kukuta mifupa ya ng'ombe wa zamani, nilielewa imetoka wapi. Bakteria hawa wakibanwa hujifungia ndani ya ganda gumu, wakalala ardhini miaka na miaka wakisubiri. Wamefukuliwa, mvua ikawatandaza kwenye majani, ndama wakawala. Hakuna aliyetia sumu.

Lakini kuelewa hakutoshi kumtoa mtu polisi. Tukakata kipande kinene, tukatia vijipande ndani ya mirija haraka kama watu wanaoficha kitu, tukashika barabara ya kurudi. Korogwe tulifika maduka hayajafungwa, na Mzee Mhina akasimamisha gari, akaingia kwa Mpemba mmoja, akatoka na stilwaya, ile ya kusugulia masufuria.

"Tunaosha vyombo sasa?" nikamwuliza.

Tulipofika maabara aliichovya stilwaya kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya bluu yenye shaba, yaliyotiwa asidi kidogo. Ikageuka rangi ya shaba palepale. Akaitia kwenye mtungi pamoja na sahani zangu mpya na kimrija cha rangi ya bluu, akafunika, akapaka grisi ukingoni. "Huyo ndiye mlafi wa kweli," akasema. "Haizimiki mpaka imemaliza. Na ile bluu ndiyo shahidi. Oksijeni ikiwepo inabaki bluu. Ikiisha, inageuka maji."

Asubuhi nilifika maabara kabla mlinzi hajafungua geti. Nikachungulia mtungi. Kimrija kilikuwa cheupe kabisa, kama maji ya kunywa. Vijana, mimi nimezaa watoto wawili, na bado nawaambia ile ni mojawapo ya asubuhi nzuri za maisha yangu! Kwenye mirija ya mchuzi vipovu vilikuwa vinapanda kimoja baada ya kingine, vinasukuma mafuta juu. Walikuwa hai, wanakula, wanatupa gesi yao. Nilisimama pale nikiwasalimia.

Siku iliyofuata niliweka tone chini ya hadubini: vijiti vyembamba, na vingine vimevimba katikati kama limau. Wenyewe. Mzee Mhina alitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa kalamu. Hakuniambia niandike nini.

Niliandika kwamba nilitumia njia mbovu, kwamba jibu la kwanza halifai, na kwamba chambavu imeonekana. Sampuli nyingine tukazituma maabara kubwa zihakikiwe. Mkuu aliisoma mara mbili. "Umejitaja jina," akasema. Nikamwambia ndiyo, kosa ni la kwangu. Akashusha pumzi, akapiga muhuri.

Kesho yake niliipeleka kituoni kwa mkono wangu. Mkuu wa kituo hakuelewa habari za panya na mshumaa. Nilimweleza mpaka nikaomba kiberiti nimwonyeshe, akakataa. Lakini "chambavu" alielewa, maana baba yake naye alifuga. Wakamtoa Mzee Mndolwa.

Alitoka amekunja macho kwa mwanga, kanzu imechafuka, ndevu zimesimama. Siku sita. Nikapiga goti pale barazani.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Nilikosea kazi yangu, ukafungwa wewe. Naomba unisamehe."

Alitazama juu ya kichwa changu, upande wa kwao. "Ufuta," akasema.

Sikuelewa.

"Ufuta wangu ulikuwa tayari siku waliyonichukua. Ufuta haungoji mtu. Vitumba vinapasuka, mbegu zinamwagika chini. Siku sita, binti. Unajua siku sita za jua hili?"

Tulimpeleka na gari letu. Tulipofika shambani, nusu ya juu ilikuwa imeshapasuka; ukitikisa shina, mbegu zinanyesha chini. Nusu ya bondeni ilikuwa bado ina ubichi kidogo. Mzee Mndolwa akachukua mundu ndani ya kibanda, akaanza kukata bila kuangalia nyuma. Mzee Mhina akakunja suruali. Mimi nikavua viatu. Mke wake na mabinti zake wakaja mbio kutoka nyumbani, wakaungana nasi huku wanalia na kucheka.

Tulikuwa tumeshakata mistari michache nilipomwona Mzee Lemburis amesimama pembeni ya shamba na vijana wake wawili. Kila mtu aliacha kukata. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Hakusalimia, na Mzee Mndolwa hakumkaribisha. Walitazamana. Nilisikia vitumba vikipasuka kwenye jua, tik, tik.

Kisha Mzee Lemburis akachomoa sime yake kiunoni, akaingia kwenye mstari, akashika shina la ufuta kama anavyoshika mkia wa ng'ombe, akalikata juu, karibu na kichwa. Mbegu zikamwagika mguuni kwake.

"Siyo hivyo!" Mzee Mndolwa akapaza sauti. Alimwendea kwa hatua kubwa. Akainama mbele yake, akashika shina jingine chini kabisa, akalikata taratibu, akaligeuza bila kulitikisa. "Unamwaga. Shika chini. Kata chini. Halafu lilaze hivi, kama mtoto."

Mzee Lemburis akatazama. Akakata la pili, chini.

"Hapo," Mzee Mndolwa akasema. Na bila kugeuka, akaninyooshea mkono wenye mashina aliyokwisha kuyakata. "Na wewe, mwanangu, usisimame. Funga huo mganda, uusimamishe wima."